Mtoto Hasikii

Iko siku moja, mwanangu, ikinijia hata sasa naachia pedali ya cherehani. Nilikuwa nimeketi kizingitini mwa nyumba yetu kule Muyinga, nachambua maharage, mgongo nimeupa mlango. Nyuma yangu watu wazima walikuwa wanagombana kwa ajili yangu, sauti juu, na mi sina habari. Niliendelea na maharage yangu mpaka yakaisha.

Siku hiyo nitaifikia, usiniharakishe. Na usiniambie, "Mama, punguza sauti, majirani wanasikia." Wasikie. Mtu asiyejisikia mwenyewe atajuaje kama anapiga kelele?

Leo asubuhi ulipofika kutoka kwako Giheta, hata begi hujatua, hata magoti yangu hujayauliza hali, neno lako la kwanza likawa: "Mama, huyu Shamimu amenishinda. Hasikii." Mwalimu wake amesema hasikii, baba yake amesema hasikii, na we umeshamchapa kwa kutosikia. Mtoto wa miaka saba! Naye amesimama pale mlangoni, pamba sikioni, pamba yenyewe imeshageuka rangi, anatutazama. Hakuwa anatazama macho yetu, Zaina. Alikuwa anatazama midomo. Nilipoona vile nikajua, kwa sababu mi nimetazama watu hivyo tangu nikiwa mdogo kuliko yeye.

Ulipokwenda sokoni nilimjaribu. Nilimkalisha chini na vipande vya vitambaa achezee, nikasimama nyuma yake na mkasi wangu mkubwa. Nikaugonganisha upande wa kushoto, hakugeuka. Nikahamia kulia, akageuka akacheka. Mi mwenyewe huo mkasi sikuusikia, we ona vichekesho, kiziwi anampima mwenzake. Lakini nilimwona akigeuka. Sikio la kulia bado lipo, mwanangu, na hilo moja ndilo linalonifanya nikukalishe hapa. Chai itapoa, iache ipoe.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kazi hiyo ndiyo iliyompeleka Kahama, Tanzania, na mama nyuma yake. Mi nilizaliwa huko. Masikio yalinianza nikiwa na miaka minne hivi, baada ya mafua makali na homa. Nililia siku mbili, sikio linagonga kwa ndani, kisha likapasuka, maji yakamwagika shingoni, na maumivu yakaisha pale pale. Mama akamshukuru Mungu. Mtoto akinyamaza, sisi wazazi tunasema amepona. Kumbe kilichopasuka ni ngoma ya sikio, lakini nani alikuwa wa kutuambia?

Baada ya hapo usaha ukawa mgeni wa kila mafua. Unakuja, unakauka, unarudi. Majirani wakasema acheni utoke, kichwa kinajisafisha. Mama alinitilia mafuta ya uvuguvugu, akanitilia maji ya kitunguu. Tulipovuka mpaka tukahamia Muyinga, nina miaka saba, wenyeji wakamfundisha kukamua umuravumba, yale majani machungu yanayoota kwenye kila ua. Alinilaza ubavu mapajani mwake, akakamua. Nikasikia uchungu umefika kooni. Nikamwambia, "Mama, dawa imetokea mdomoni." Kila aliyekuwepo alicheka. Walinisimulia hadi kwa wageni, ati Salima anakunywa dawa kwa sikio. Hakuna aliyejiuliza imepita wapi.

Basi nikaanza shule. Nyumbani ni Kiswahili, shuleni ni Kirundi. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mpole, sina kinyongo naye. Aliita jina langu mara ya kwanza, sikuitika. Akaita tena. Watoto wakamjibu kwa niaba yangu, "Ni wa Tanzania huyo. Ntiyumva Ikirundi." Hasikii Kirundi. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akaniacha.

Unajua sisi hapa tunavyosema, kusikia lugha ni kuielewa. Unasikia Kifaransa? Kidogo kidogo. Na Kirundi chenyewe ni hivyo hivyo, kwumva ni kusikia, na kwumva ni kuelewa, na kwumva ni kutii. Mwalimu alipomwita mama akamwambia, "Mtoto wako hasikii," alikuwa na maana ya lugha. Mama akadakia, "Usiniambie mimi, hata nyumbani hasikii," na yeye alikuwa na maana ya ukaidi, kwa sababu ananiita nikiwa uani na siji. Wakaelewana vizuri kabisa, wakapeana mikono, wakaagana. Masikio yangu yalikuwa pale katikati yao yananuka, na hakuna aliyeyauliza.

Maana yalinuka, Zaina. Ninasema wazi kwa sababu hata la Shamimu linanuka na wote tunajifanya hatujui. Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa akivuta kola ya shati na kufunika pua. Akahama. Akaja mwingine, naye akahama. Mwisho nikawekwa nyuma kabisa, peke yangu, karibu na dirisha, ili upepo unisaidie. Na kutoka kule nyuma hata midomo ya mwalimu sikuiona tena.

Nilichojifunza kule nyuma ni neno moja. Mwalimu alikuwa akipita kati ya madawati, anainama, anauliza, "Urumva?" Unasikia? Neno hilo nililijua kwa sura ya mdomo wake. Nami najibu, "Ego." Ndiyo. Ukijibu "Ego" watu wanakuacha, wanapita, wanakwenda kwa mwingine. Nikaanza kujibu hivyo kila kitu. Nani amevunja chaki? Ego. Mama yako anaitwa nani? Ego. Darasa zima linaanguka kwa kicheko, na mi nacheka nao, sijui tunacheka nini. Nikichapwa sijui nimechapwa kwa nini.

Sasa ile siku. Baba alikuwa na shangazi yake aliyeishi hapa hapa Gitega, Bibi Mwajuma, mwanamke mrefu, mdomo wake haukumwogopa shehe wala diregiteri wa shule. Alikuja Muyinga kwa harusi ya mjukuu wake. Mi nilikuwa na miaka kumi. Haya ya nyuma ya mgongo wangu alikuja kunisimulia mama mwenyewe baadaye, uso kwa uso, akitamka taratibu ili nisikose neno.

Bibi Mwajuma alikuwa amenishonea gauni la harusi. Akaingia ndani, akalitoa kwenye fuko, akaniita, "Salima! Njoo ujaribu nguo yako!" Mi na maharage yangu. Akaita tena, kwa sauti ile yake. Mama akasema kutoka jikoni, "Mwache, Bibi, utajichosha. Huyo hasikii. Hata shuleni wanasema mpaka leo hasikii Kirundi."

"Kirundi?" Bibi akamgeukia. "Kwani mi nimemwita kwa lugha gani?"

Bibi hakungoja jibu. Alichukua kifuniko cha sufuria kubwa, kile cha pilau, akaja mpaka nyuma yangu, akakiachia kwenye saruji. Mama alisema kuku walitawanyika hadi barabarani, na kitoto cha jirani kilichokuwa kimelala kikaamka na kulia. Mi nikatoa kokoto kwenye maharage, nikaitupa pembeni.

"Mama Salima," Bibi akauliza, "na hiki, kimeongea Kirundi au Kiswahili?"

Hapo ndipo walipoanza kugombana. Baba aliingia akasema mtoto ni mtoto tu, atakuwa alikuwa anawaza yake. Bibi akamwambia wanamchapa kiziwi kwa ukaidi, na kama wanataka mkaidi wa kumchapa basi waanze na yeye baba. Mama aliketi chini pale pale jikoni na mwiko mkononi.

Mi nilichoona ni viatu tu, vimesimama mbele yangu. Nikainua macho. Bibi Mwajuma akachuchumaa, akanishika kidevu, akageuza kichwa changu, akanusa sikio langu bila kuziba pua. Miaka mitatu nilikuwa sijasogelewa karibu vile na mtu asiye mama yangu. Nilidhani amekuja kunipiga, nikamwambia, "Ego."

Kesho yake mama alinipeleka hospitali, harusi akaiacha. Daktari alitazama kwa kijitaa chake, akatazama tena, akamwita mwenzake naye atazame. Akamwambia mama kwamba ngoma ya kushoto imeliwa yote, na vile vijifupa vya ndani vimeliwa pamoja nayo. Ya kulia ina tundu, imebaki nusu, nayo imezibwa na usaha. Dawa itakausha usaha, alisema, lakini kilichokwenda kimekwenda. Mama akamuuliza, "Basi atasikia lini?" Alinieleza kwamba daktari alianza kuandika dawa.

Tukarudi kwa miguu. Nilikuwa msichana mkubwa, miguu inaning'inia, lakini mama alinibeba mgongoni njia nzima kwa kanga, watu wanatushangaa. Shavu langu lilikuwa limelala kwenye mgongo wake. Mgongo ukawa unatetemeka, unatulia, unatetemeka. Sikujua kama anaongea na mimi au analia. Mpaka leo sijui, na sikuwahi kumuuliza.

Shule niliiacha baada ya mwaka. Wakati ule mtoto kama mimi hakuwa na pa kupelekwa. Baba akaniweka kwenye cherehani, na cherehani sikuhitaji kuisikia kwa sikio, naisikia kwa miguu, uzi ukikatika nyayo zinaniambia. Nikawa fundi mzuri. Watu wakimsifu baba kwa mafundisho yake anasema, "Huyu hana maneno mengi." Nilikuwa na maneno mengi sana, Zaina. Nilikuwa naogopa kujibu kitu ambacho sikuulizwa.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata marehemu baba yako sikumwambia.

Mama yangu aliugua nikiwa msichana wa kuposwa. Aliugua kifua, akaisha akabaki mifupa, sauti nayo ikaisha. Na mama yangu ndiye pekee ambaye nilikuwa nampata vizuri, kwa sababu tangu ile siku ya kifuniko hakuwahi kuniambia neno akiwa amenipa mgongo. Alikuwa ananisubiri nigeuke. Hata akiwa na hasira ananishika bega kwanza, ananigeuza, ndipo ananigombeza.

Alasiri moja aliwatoa watu wote chumbani. Kaka zangu wakatoka, shangazi wakatoka, nikabaki mimi. Dirisha lilikuwa na pazia zito kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza macho. Uso wake niliuona kama kivuli, midomo sikuiona kabisa. Akanishika mkono. Nikahisi anaongea, kwa sababu kidole chake kilikuwa kinagonga kiganja changu, kama alivyozoea kila akitaka nishike jambo. Nikainama nikamwekea sikio langu la kulia mdomoni. Nikapata joto la pumzi yake tu. Pumzi inakuja, inakwenda, inakuja. Aliongea kwa muda mrefu, mwanangu. Mtu ambaye hata maji yalikuwa yanamshinda kumeza.

Nilitaka kufungua pazia. Nilitaka kumwambia, "Mama, sikupati, ngoja nione uso wako." Lakini nikahofia nikimkatiza hatapata nguvu ya kuanza tena. Basi nikangoja, nikidhani labda mwishoni nitaokota hata neno moja. Sikuokota. Akanyamaza, akanibana mkono. Nikajua ananiuliza. Kubana kule nilikujua, ni ile ile, umesikia?

Nikamwambia, "Ego, mama."

Akaachia mkono wangu, akageuza kichwa upande wa ukuta, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi yake. Kabla ya magharibi alikuwa amekwenda. Kaka zangu waliniuliza, "Mama amekuusia nini?" Nikawaambia ni mambo ya kike, wasiyaulize.

Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimefika uzee huu, na kuna jambo nilimwahidi mama yangu, na silijui. Labda alisema nisiuze cherehani ya baba. Labda alisema nimwangalie kaka yangu mdogo, yule ambaye baadaye alipotea na pombe. Labda alikuwa ananiomba msamaha. Kila nikifanya jambo kubwa nalala nikijiuliza, hili ndilo aliloniambia nilifanye, au ndilo aliloniambia nisilifanye? Sitajua. Aliyesema yuko Muyinga, makaburini, na aliyeambiwa hakusikia. Inauma, Zaina. Watu wanadhani kiziwi anakosa muziki na adhana. Mi nilimkosa mama yangu anakufa kitandani huku nimemshika mkono.

Usilie, utamtisha mtoto, tayari anatutazama. Sikiliza, maana we Mungu amekupa masikio yote mawili.

Kile kichupa cha mafuta ulichokipasha moto umtilie Shamimu, umekiona kiko wapi? Nimemwaga. Sikio linalovuja halijisafishi, linaoza, na kila unachokitia ndani kinapita kwenye tundu na kwenda kuharibu kilichobaki. Si mafuta, si kitunguu, si umuravumba, si maziwa ya mama wa jirani. Maji ya kuoga yasiingie. Ulikaushe upande wa nje kwa kitambaa safi na hiyo pamba iliyooza uitoe. Kesho hamrudi Giheta. Tunakwenda hospitali sisi watatu, na mi nitakaa pale ambapo daktari ananiona. Wakikupa dawa, mpe mpaka iishe, hata usaha ukikauka siku ya tatu, kwa sababu kukauka kulitudanganya mimi na mama yangu miaka yote ile. Wakisema urudi, rudi. Likivuja tena, usikae nyumbani kuniuliza mimi, nenda, na uombe wakutume kwa daktari wa masikio hasa. La kushoto huenda limekwisha, sitakudanganya, nimeligongea mkasi mara nyingi. La kulia tunaliwahi au hatuliwahi, sijui, lakini hatutakaa tunalitazama.

Halafu uende kwa mwalimu wake, usimwachie baba yake. Mwambie Shamimu akae mbele, sikio la kulia likimwelekea yeye, na akiongea amtazame mtoto, si ubao. Akisema ananuka, mwambie ndiyo, ananuka kwa sababu anaumwa, na anatibiwa. Mkono wa mtu yeyote usipige tena upande wa kichwa cha mtoto huyo, wa kwako ukiwa wa kwanza. Na kila mtoto atakayezaliwa nyumbani kwako, ukimwita asipoitika, kabla hujatafuta fimbo zunguka ukamwite upande wa pili. Ukisikia mtu anasema mtoto hasikii, muulize, hasikii nini? Kirundi, amri, au kifuniko cha sufuria? Asipojua kujibu, anyamaze, akamjaribu mtoto kwanza.

Na sasa hivi, kabla ya chai, mwite mwanao. Usimwite kwa mbali. Nenda, chuchumaa mbele yake, umguse bega, umwambie pole kwa zile fimbo, taratibu, akuone mdomo. Akikujibu ndiyo, usiridhike. Mwambie akurudishie ulichosema kwa maneno yake mwenyewe. Laiti mama yangu naye angeniambia nimrudishie.

Nenda, mwanangu. Mungu akuponyeshee huyo mtoto, akuachie hata hilo sikio moja. Akuzeeshe kwa heri, akutunzie macho na magoti kuliko haya yangu. Na siku yako ikifika, sauti imekuwa ndogo na una neno la kumwachia Shamimu, Mungu amjalie alisikie.